Dawa ya Tumbo Iliyotoka Ugiriki

Ndugu zangu tunaokutana kanisani na kwenye michango hapa Stockholm, nisikilizeni hata kama mmechoka. Mimi pia nimechoka, lakini haya ni ya nyumba yetu na nitayasema.

Jumamosi moja, kule Hallonbergen nilikokuwa nikikaa kwa dada yangu, nyumba ilikuwa imetulia. Dada yangu Magdalene alikuwa akikanda unga wa chapati. Mume wake, shemeji Ochola, alisinzia kitini, na binti yao Tiana, wa miaka mitano, alikuwa akipaka picha rangi. Ungepita mlangoni ungesema hawa watu wamebarikiwa.

Juu ya friji palikuwa na chupa ya plastiki ya maji. Ndani yake mlikuwa na tsipouro, pombe kali ya Wagiriki inayotokana na maganda ya zabibu. Ile yetu ilitiwa anisi, kiungo chenye harufu tamu, kwa hiyo ukiichanganya na maji inageuka nyeupe, inanukia kama dawa ya watoto wachanga. Ilitoka kwa Mzee Lefteris, mwenye mkahawa wa Kigiriki mjini, ambako shemeji alikuwa mpishi na mimi nikiosha vyombo. Yeye huletewa na ndugu zake kijijini.

Nimewaona Wagiriki wakiinywa. Glasi ndogo moja, pweza, zeituni, jibini, na maneno mengi. Nusu saa inapita glasi haijaisha. "Bila chakula, hapana," mzee alituambia kila mara. Shemeji alichukua chupa, akaacha sahani.

Shida ni kwamba alikuwa ameahidi mbele ya kanisa kuacha bia. Basi alipoileta nyumbani alisema, "Mama Tiana, hii ni dawa ya tumbo. Wagiriki wote wanatumia." Dada hajawahi kuonja pombe. Akaamini, tena akafurahi kwamba mume wake sasa anajali afya.

Mimi nilijua. Siku moja kazini nikamwuliza, "Shem, hiyo dozi yako inaisha lini?"

Akacheka. "Daktari wangu hajasema. Orpha, osha sufuria. Ukiniharibia nyumba, utalala wapi?"

Nikaosha sufuria. Miezi saba niliosha sufuria. Wewe unayesoma, kabla hujanilaumu, jiulize unamfunikia nani.

Sasa Jumamosi hiyo ilikuwa zamu yetu ya kufua, na mimi nilikuwa chini kwenye chumba cha mashine. Niliporudi na kapu la nguo nikamkuta Tiana amelala kwenye zulia, amelegea, ametapika, mikono baridi.

"Alisema, mamma, jag har ont i magen," dada alilia, yaani tumbo lilikuwa linamuuma. "Nikampa dawa ya baba yake. Akasema inachoma, nikaweka sukari. Nikamwongezea glasi ya pili."

Shemeji aliamka akaitazama ile chupa. Nikapiga simu, ambulensi ikaja.

Hospitalini muuguzi akauliza mtoto amekula nini, amekunywa nini. Dada akamgeukia mumewe ajibu, kwa sababu Kiswidi chake ni kizuri zaidi.

"Chai," shemeji akasema. "Chai na chapati."

Kisha akaninong'oneza kwa Kiswahili, "Nyamaza. Wakisikia pombe, watu wa soc watamchukua mtoto."

Soc ni ile ofisi ya ustawi wa jamii ambayo sote tunaiogopa kuliko polisi. Lakini dada alikuwa amesikia.

"Baba Tiana, pombe gani?"

Macho ya mtoto yalikuwa yamegeuka juu. Nikamshika muuguzi mkono, nikamwambia kwa Kiswidi changu kibovu: si chai, ni pombe kali, glasi mbili.

Walikimbia naye. Daktari alieleza baadaye kwamba sukari ya mwili ilikuwa imeshuka sana, na kwamba kama wangeendelea kutafuta ugonjwa mwingine wangechelewa.

"Ulijua?" dada akaniuliza pale kwenye viti.

"Nilijua."

Tiana alipona. Soc walikuja, hawakumchukua. Walitaka baba akae mbali mpaka atibiwe. Amepanga chumba Jordbro. Wiki nyingine anakwenda kwenye matibabu, nyingine haendi. Mimi dada alinifukuza. Nakaa Norsborg kwa mama mmoja wa Bujumbura. Na Tiana akishikwa na homa anafunga mdomo kabisa, hamezi kitu chochote kutoka mkononi mwa mama yake.

MAFUNZO

Pombe ni pombe hata ikiwekwa kwenye chupa ya maji na kupewa jina la dawa. Mlevi anahitaji mtu wa kumwamini na mtu wa kumnyamazia, na kwetu alipata wote wawili. Ukiulizwa hospitalini mtoto amekunywa nini, sema ukweli wakati huohuo, soc utazungumza nao baadaye. Na kama unajua siri ya namna hii, mwambie anayedanganywa leo, hata kama atakufukuza. Mimi nilinyamaza ili nisifukuzwe, nikafukuzwa vilevile.