Aliyeamka Kabla ya Tanuri

Katika nyumba ya waokaji, siku huanza hata jogoo hajawika. Baba huteremka dukani kuwasha tanuri, mama hukanda unga. Binti yao wa miaka kumi na minne, waliyemwita Chiriku kwa jinsi alivyopenda kuongea, hupanga mikate kwenye trei.

Miezi hii Chiriku alikuwa akiwatangulia. Kila wakishuka walimkuta kwenye kigoda mbele ya tanuri baridi, kimya, mikono mapajani.

"Huyu ameshaiva," baba aliwatambia wateja. "Mimi umri wake nilikuwa naburutwa kitandani kama gunia."

"Lakini hali chakula vizuri," mama alisema. "Na siku hizi haongei."

"Kazini watu hawaongei, mke wangu. Ni wewe tu."

Alasiri moja mwalimu wa unasihi aliingia dukani. Hakuja kununua mkate.

"Chiriku anasinzia darasani," alisema. "Kaacha mpira wa pete. Wenzake wakicheka, yeye anatazama ukuta. Kuna wanaomwita mvivu."

"Mvivu?" Baba aliweka trei chini. "Mwanangu anaamka kabla yangu, na mimi ni mwokaji."

"Anaamka, baba, au halali?"

Mama alikaa juu ya gunia la unga.

"Mtoto akikosa usingizi, akaacha chakula na michezo anayoipenda kwa wiki kadhaa, huenda ana sonona," mwalimu alieleza. "Ni ugonjwa. Si uvivu, si kiburi, wala hajarogwa. Na unatibika. Msikilizeni bila kumhubiria. Muulizeni waziwazi kama anawaza kufa au kujidhuru. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo, kunamfungulia mlango. Akikubali, msimwache peke yake. Wekeni mbali vitu vya hatari, mpelekeni kliniki siku hiyohiyo. Ya shuleni niachieni mimi."

Alfajiri iliyofuata baba hakuwasha tanuri. Alikaa sakafuni kando ya kigoda.

"Nilikuwa najisifu kwa ajili yako, mama," alimwambia binti yake. "Kumbe unateseka. Unawaza kufa?"

Chiriku alitazama majivu. "Wakati mwingine natamani nilale nisiamke. Halafu hata kulala kwenyewe kunanishinda."

Maneno ya kukemea yalimjaa baba kooni. Akayameza.

"Ahsante kwa kuniambia. Mzigo huu tutaubeba wote."

Visu vikafungiwa kabatini. Wateja walikuta duka limefungwa, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu enzi za babu. Wenyewe walikuwa kliniki, wote watatu.

Haikuwa kazi ya siku moja. Chiriku alikwenda kila wiki kuzungumza na mtaalamu. Mwalimu alimpunguzia kazi za nyumbani, akawakanya waliomtania. Jioni mama alitembea naye, bila kumdai maneno. Kuna siku alicheka. Kuna siku aligeukia ukuta.

Kisha alfajiri moja wazazi walishuka, wakakuta kigoda kitupu. Mama alipandisha ngazi mbio, baba nyuma yake.

Chiriku alikuwa amelala. Mdomo wazi, mguu mmoja nje ya shuka, anakoroma.

Baba alivua viatu mlangoni. Tangu utoto wake alikuwa akitazama unga unavyoumuka, na hadi leo hajauzoea muujiza huo. Lakini pumzi ile, ikipanda na kushuka chini ya shuka, ilimkalisha kizingitini.

"Nimwamshe?" mama alinong'ona, macho yamejaa machozi. "Trei zinamngoja."

"Thubutu," alisema baba. "Nitazipanga mwenyewe."

Wakashuka kwa ncha za vidole, viatu mkononi.