Kamba ya Mita Sita

Trrr, trrr, trrr. Kabla hajafumbua macho, Uwineza alijua kwamba baba yake ameshakaa kwenye cherehani. Ndivyo kila siku ilivyoanza nyumbani kwao, mtaani Rwezamenyo. Aliamka, akachemsha chai, akafagia vipande vya vitambaa karakanani, kisha akashika mkasi. Alikuwa na miaka kumi na mitatu tu, lakini aliweza kukata kanzu bila kupoteza kitambaa hata cha kutosha mfuko. Na alijua kwamba anajua.

Ijumaa hiyo mezani hapakuwa na kanzu. Palikuwa na kamba nene ya nanga, mita thelathini. Évode, mtunza stoo wa kundi la watoto wanaojifunza kuendesha mashua za tanga katika Ziwa Muhazi, alikuwa amempa aende nayo nyumbani kujizoeza kufunga mafundo. Kesho ilikuwa siku ya mtihani wake: kuendesha mashua peke yake kutwa nzima, kisha kutia nanga na kulala majini hadi asubuhi. Akifaulu, angepewa mashua ya kuendesha likizo yote ya kiangazi.

"Kamba yote hii ya nini? Itanikwaza miguu," alinung'unika. "Kina cha mahali nitakapolala ni mita tano."

Alipima mita tano, akaongeza moja, kama mshonaji anavyoacha nafasi ya upindo, akakata. Kilichobaki akakifunga toka ukuta hadi ukuta, kitundikiwe nguo zilizokamilika.

"Mwalimu wako amekuruhusu?" aliuliza baba yake, Mzee Nasiri.

"Imezidi tu, Baba."

Jumamosi asubuhi, kando ya ziwa huko Rutunga, wenzake walimzunguka. Mucyo, rafiki yake mwenye mdomo mrefu, aliitazama mashua iliyopangwa vizuri kama sanduku la bi harusi.

"Sha, mwenzangu Uwineza, unaenda mtihani au unaenda kuolewa?"

"Naenda kukufundisha kazi, wewe uliyepinduka mara tatu!"

Walicheka wote. Mwalimu Rugamba, aliyekulia Mwanza na kujifunza tanga huko, hakucheka. "Kumbuka, ukitia nanga, kamba yote iingie majini. Unayo yote?"

Uwineza alimtupia Mucyo jicho. Akisema ukweli mbele ya Mucyo, atachekwa mwaka mzima.

"Ninayo yote, Mwalimu."

Mchana ulikwenda vizuri mno. Tanga lilijaa upepo, mashua ikakata maji, na wavuvi wakampungia mikono. Jua lilipoanza kushuka aliingia katika hori, mkono mwembamba wa ziwa kati ya vilima viwili. Akateremsha tanga, akashusha nanga, akawasha taa. Ng'ambo aliona taa ya Mwalimu, aliyekuwa akimwangalia toka ufukweni, akajiona mkubwa kweli.

Usiku upepo ulibadilika. Uliteremka vilimani kwa kishindo, na mashua ikaanza kurudi nyuma. Uwineza aliivuta nanga, akaishusha tena. Ikashika kidogo, ikaachia. Akarudia mara ya tatu, ikaachia. Kamba ilisimama wima, nanga ikaparuza tope bila kung'ata. Alishika kasia akapiga maji hadi mikono ikafa ganzi, lakini vilima viliendelea kumwacha. Wimbi moja likaingia, taa ikazimika. Akapuliza filimbi. Upepo uliichukua sauti na kuipeleka kusikokuwa na mtu.

Hapo akaishiwa mbinu. Hakuna fundo alilojua, wala ufundi wa mkasi, ambao ungemsaidia. Alikumbatia mlingoti ndani ya jaketi lake la kuelea, maji yakimfika vifundoni, akalia, "Yebabawe! Mita ishirini na nne ziko nyumbani zimetundikiwa suruali!"

Mashua ilikokotwa na upepo hadi ikajichomeka katika mafunjo ya ufuko wa mbali. Huko alitetemeka hadi kulipopambazuka, na huko Évode alimkuta. Yeye na Mwalimu walikuwa wamemtafuta tangu taa ilipozimika, kila mmoja na mtumbwi wake. Évode alivua koti lake akamvika.

Walipofika ufukweni, Mwalimu Rugamba aliinua nanga, akaipima kamba kwa mikono. Uso ukamkunjamana.

"Évode! Mtoto angekufa. Nilisema mita thelathini, umempa sita?"

"Mwalimu, nilipima mara mbili."

"Mara mbili, na hii ni nini? Nipe funguo za stoo. Kazi yako imeisha."

Évode, ambaye macho yake yalikuwa mekundu kwa kukesha, aliingiza mkono mfukoni, akazitoa na kumkabidhi. Uwineza alilishika koti kifuani. Kunyamaza kungekuwa rahisi kabisa.

"Mwalimu, mrudishie funguo," alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Ni mimi. Niliikata kwa mkasi wa Baba. Halafu nikakudanganya."

Mwalimu alimrudishia Évode funguo kwa mikono miwili, akamwomba radhi, kisha akaketi karibu na Uwineza.

"Nanga hushika ikivutwa na kamba ndefu iliyolala. Kamba fupi huinyanyua. Hilo hukulijua, na mtu hufundishwa asilolijua. Ungeniambia jana asubuhi kwamba umeikata, ningekupa nyingine palepale na ungelala salama. Kukata lilikuwa kosa la mkono. Uongo ndio uliokuacha peke yako majini, na umekaribia kumnyang'anya mtu mkate wake. Mtihani umeanguka. Utaurudia mwakani."

Uwineza aliitikia kwa kichwa, machozi yakimtoka. Kisha akainuka na kwenda kusimama mbele ya Évode.

"Kaka Évode, leo hii, wenzangu wakifika, nitawaambia wote kwa mdomo wangu mwenyewe kwamba ulipima sawasawa na mimi ndiye niliyeikata. Mucyo akicheka, acheke. Nakuahidi."