Gari la Degu Laacha Kukohoa

Asubuhi, nyumbani kwetu Addis Ababa, kuna kazi mbili. Mimi nakaanga kahawa. Mume wangu Degu anawasha gari. Kahawa huwa tayari kwanza.

Gari linakohoa. Linatoa moshi mweusi. Linazimika. Degu anawasha tena, linakohoa tena. Majirani hawahitaji saa ya kuwaamsha.

Ni Korola ya zamani. Degu huiendesha kwenda Merkato, sokoni, anakouza viatu. Anaipenda kweli. Sijui kama mimi ananipenda hivyo.

Sisi ni Wagurage. Mgurage anaweza kuchapa kazi mjini mwaka mzima, lakini Meskel, sikukuu ya Msalaba, ikikaribia, anafunga duka anarudi kwao. Anakwenda kula kitfo, ile nyama iliyokatwakatwa na kuchanganywa na siagi, nyumbani kwa mama yake. Mwaka jana mimi sikwenda. Gari lilitufia mlimani, tukavutwa kwa kamba kurudi mjini. Mabasi yalikuwa yamejaa. Mama alikaa peke yake na siagi yake.

Mama yangu haoni tena. Mwaka huu alinipigia simu siku mbili kabla ya sikukuu.

"Asnakech mwanangu, chungu chako cha siagi kimejaa. Sijakifungua. Siku ya kuja kwenu nitakaa mlangoni nisikilize. Gari la mumeo nalijua, linakohoa kuanzia kule mtoni."

"Tutakuja, mama."

"Hata mwaka jana ulisema hivyo."

Simu ilipokatika, nilianza kumenya vitunguu ili nipate kisingizio cha kulia. Nilimtamani mama yangu. Nilitamani hata harufu ya moshi kwenye shuka lake.

Nikatoka nje, uani. Degu alikuwa ameshika chujio la hewa la gari. Alikuwa analichovya kwenye oili ya injini.

"Unafanya nini?"

"Natayarisha safari. Njia ya kwenu ina vumbi. Oili inanasa vumbi. Baba yangu aliendesha lori miaka yote, na alifanya hivihivi."

Wakati huo akaingia Wubit, jirani yetu. Wubit ni fundi wa gereji, na kahawa yangu haimpiti. Alipoona lile chujio alishika kichwa.

"Weka chini, kaka Degu! Unaliua gari!"

"Wewe binti, nimeanza kuendesha kabla hujazaliwa."

"Na kila mwaka gari linakohoa zaidi. Au nasema uongo?"

Nilicheka. Degu akanikata jicho.

"Lori la baba yako lilikuwa na bakuli la oili," Wubit alisema. "Chujio lake lilitengenezwa hivyo. Hili lako ni la karatasi. Linatakiwa kavu. Ukililowesha, hewa inabeba oili mpaka kwenye sensa."

"Sensa ndiyo nini?" niliuliza.

"Ni kifaa kidogo, dada. Kimekaa kwenye njia ya hewa, baada ya chujio. Kinapima hewa inayoingia kwenye injini. Kompyuta ya gari inasoma kipimo hicho, halafu inatoa petroli inayotosha hewa hiyo. Sensa ikiharibika, kompyuta inabahatisha. Petroli inazidi au inapungua. Ndiyo maana gari linatoa moshi, linakosa nguvu mlimani, na linakunywa petroli ovyo."

Wubit alileta mashine yake ya kusoma hitilafu. Ikaonyesha sensa ya hewa. Hata hivyo hakuharakisha. Alikagua nyaya, akapapasa wote ule mpira unaopeleka hewa kwenye injini, akitafuta ufa.

"Mpira ukipasuka, hewa inaingia bila kupimwa," alisema. "Mtu ananunua sensa bure."

Mpira ulikuwa mzima. Akatoa sensa, akaitazama kwenye mwanga. Ndani kulikuwa na waya mwembamba kama unywele. Ulikuwa umekatika.

"Nani ameugusa?"

Degu alikohoa kama gari lake.

"Niliufuta kidogo tu. Kwa kitambaa."

"Jamani! Huu haufutwi. Ungekuwa mchafu tu, tungeupulizia dawa yake maalumu na kuuacha ukauke. Sasa basi. Sensa inabadilishwa."

Degu akaenda Merkato. Alirudi anatabasamu, ana sensa iliyotumika.

"Inafanana kabisa!"

Wubit alisoma namba kwenye ile ya zamani, kisha kwenye hiyo nyingine.

"Umbo moja, namba tofauti. Itapima vibaya. Irudishe."

"Keshokutwa ni Meskel!"

"Ndiyo maana nasema irudishe leo."

Nilikaa kwenye kigoda. Akilini nilimwona mama mlangoni, kichwa kimeelekea mtoni.  Degu alinitazama, akachukua ile sensa, akatoka.

Alirudi jioni, viatu vimejaa tope, na sensa yenye namba ileile.

"Nimezunguka soko zima," alisema.

"Kwa ajili ya gari lako."

"Kwa ajili ya mama yako. Na wewe unajua."

Ni kweli, nilijua.

Kesho yake asubuhi, injini ikiwa baridi na imezimwa, na sensa mbovu imerudishwa mahali pake ili vumbi lisiingie, Wubit alimwita Degu.

"Leo fundi ni wewe. Toa kwanza waya hasi wa betri. Haya, bonyeza klipu ya soketi ya sensa. Usivute nyaya!"

Degu aliitoa sensa mbovu, akachomeka mpya kwa uangalifu, bila kugusa waya wa ndani.

"Angalia mshale. Uelekee inakokwenda hewa, upande wa injini. Pete ya mpira imekaa sawa? Kaza skrubu, lakini usikaze kama unafunga jela. Hiyo ni plastiki."

Wakaweka chujio jipya, kavu, alilokuja nalo Wubit. Wakarudisha soketi na betri. Wubit akafuta hitilafu kwa mashine yake.

Degu akawasha. Nikasubiri kikohozi. Hakikuja.

Tuliondoka siku hiyohiyo. Pale mlimani tulipokwama mwaka jana, Degu aliinamia usukani, nami nikashika mlango kwa mikono miwili. Gari lilipanda hadi juu bila kusitasita. Tukapita mto. Tukafika.

Mama alikuwa amekaa mlangoni, sikio limeelekea mtoni, chungu cha siagi kiko miguuni pake. Nilishuka, nikamkaribia. 

Alisikia hatua zangu, akainua mkono kunizuia.

"Jirani, tulia kidogo tafadhali," alisema. "Nasikiliza gari la mwanangu."

Nilipiga magoti, nikaushika ule mkono, nikauweka usoni pangu.