Mihogo Iliyotolewa Majini Mapema

Asubuhi ile Laetitia alikuwa anafagia uwanja, na mdogo wake Noël anakimbiza kuku. Baba yao, Papa Barthélemy, alikuwa ametoka kuloweka mihogo kwenye kidimbwi cha kijito. Aliweka kikapu chini, akashika tumbo, akaketi pale pale alipokuwa amesimama.

"Mama Laetitia, njoo," alimwita mkewe kwa sauti ndogo. "Tumbo inanikamata vibaya."

Ngiri aliyokuwa nayo kwa miaka mingi ilikuwa imejikaza. Wanaume walikata miti miwili, wakafunga blanketi katikati, wakambeba kwa hicho kipoyi kuelekea hospitali ya Hombo. Lakini mvua ilikuwa imebomoa daraja. Mchana Laetitia aliwaona wakirudi. Wabebaji wa mgonjwa hukimbia. Hawa walikuwa wanatembea polepole. Laetitia akaelewa kabla mama yake hajapiga kelele.

Baada ya maziko watu walibaki uwanjani kwa matanga. Walikaa kwenye vibao na majani ya migomba, wakamzungumzia marehemu.

"Mimi nilikuwa namuchekelea," alisema jirani yao, Papa Bienvenu. "Tangu bibi yake, Mama Laetitia, aumwe mugongo, yeye njo alikuwa anapeleka mihogo ku maji, kazi ya wanamuke. Nikamuuliza, 'Barthélemy, bibi amekuvalisha kikwembe yake?' Akanijibu, 'Kikwembe iko bei kali, njo maana anavaa yeye tu.'"

Watu walicheka. Kisha wakakumbuka mahali walipo.

Laetitia aliyajua mengine. Mara nyingi alifuatana na baba yake kijitoni. Mihogo ya shamba lao ilikuwa michungu, yenye sumu, na maji ndiyo huitoa sumu hiyo. Papa Barthélemy alikuwa akiinua muhogo mmoja, anaubonyeza kwa kidole gumba. Kidole kikizama kama kwenye ndizi iliyoiva, mihogo imekuwa tayari. Kikigoma, anairudisha yote. "Afazali mulale njaa," alikuwa akisema.

Kesho yake unga ulikwisha. Shangazi Euphrasie, dada ya marehemu, ndiye aliyesimamia jiko. Alimchukua Laetitia, wakaenda kijitoni kutoa mihogo aliyoloweka baba. Laetitia alishika muhogo, akaubonyeza. Ulikuwa mgumu kama kuni.

"Shangazi, iko nguvu bado. Papa anasemaka tungoje mpaka kidole inaingia."

"Papa yako ameenda, mutoto. Watu wametoka mbali kumulilia kaka yangu, nao warudi na njaa? Unataka nipate haya mbele yao? Beba kikapu."

"Lakini shangazi..."

"Nimesema beba."

Laetitia alibeba. Nyumbani alipiga magoti mbele ya mama yake, aliyekuwa ameketi mkekani tangu jana bila kusema wala kula. Alitaka kumwambia. Macho ya mama yalimtazama lakini hayakumwona. Laetitia akainuka, akarudi jikoni.

Mihogo ilipondwa, ikakaushwa juu ya moto, ikatwangwa. Bugali ilipakuliwa kwa sombe, mboga ya majani ya muhogo. Wakubwa walimega vitonge vichache tu, kwa huzuni. Noël, ambaye kwa siku hizo hakuna aliyemuuliza kama amekula, alikula kwa mikono miwili. Laetitia alivuta sahani ya mdogo wake. Mtoto akapiga yowe, na shangazi akampiga Laetitia mkononi.

"Unamunyima mutoto wa marehemu chakula?"

Uwanja mzima uligeuka kumtazama. Laetitia aliachia sahani.

Jua halikuwa limeshuka sana Noël alipoanza kutapika. "Yaya, nyumba inazunguka," alimwambia dada yake. Alijaribu kusimama; miguu ikakataa. Ndipo mama yao alipoinuka mkekani kwa mara ya kwanza, akamfunga kwenye mgongo ule ule unaouma, akakimbia naye hadi zahanati ya kijiji. Laetitia na shangazi walimfuata nyuma.

Mama Verdiane, muuguzi aliyetoka Bihambwe, alimlaza mtoto ubavu.

"Amekula nini?"

Shangazi aliinamisha kichwa.

"Mihogo mikali," Laetitia alisema. "Ilikuwa haijalainika ku maji."

"Dawa ya kuondoa sumu hii sina hapa," alisema Mama Verdiane. "Tutamupa maji ya sukari kidogo kidogo. Tungoje."

Walingoja. Mama alishika mguu wa Noël kwa mikono yote miwili, akawa anasema chini kwa chini, "Barthélemy, usimwite. Niachie huyu." Laetitia alisimama mlangoni. Alitafuta kitu cha kufanya, hata maji ya kuchota, asikione.

Jioni Noël alifumbua macho vizuri, akaomba maji mwenyewe. Shangazi, ambaye naye kichwa kilikuwa kinamzunguka, alianza kulia. "Nilikuwa naogopa kupata haya mbele ya wageni," alisema.

"Maji haina habari kama kuna matanga," Mama Verdiane alimjibu bila ukali. "Itachukua siku zake tu. Kama unga umekwisha, muombe ndizi kwa jirani. Hakuna mugeni wa matanga anayestahili mutoto afe ili yeye ashibe." Kisha akamgeukia Laetitia. "Na wewe, ulijua?"

"Nilisema. Wakanikatalia."

"Jambo ya sumu inasemwa mpaka mutu asikie. Ungemwita hata Papa Bienvenu. Mukubwa akikasirika, hasira itapita." Akamfunika Noël vizuri. "Papa yako alikuwa anawalinda kila juma, na hakuna aliyeona, sababu hakuna aliyeumwa. Kazi ile mufanye sasa ninyi wote, musimuachie mutu mumoja."

Mama wa Laetitia aliitikia kwa kichwa.

Unga uliobaki ulimwagwa shimoni. Majirani walileta ndizi, na wageni walikula hizo hadi walipoondoka. Noël alianza tena kutembea, kwanza kwa kushika ukuta. Nyumbani hapakuwa na chakula kingine, basi mama yake alichukua panga na kikapu, akaenda shambani kung'oa mihogo. Alikwenda peke yake, ingawa Mama Verdiane alikuwa amesema kazi ile asiachiwe mtu mmoja.