Reli Aliyoifunga Simon

Jumatatu hiyo Laurencia, msimamizi wa gesti, alikuwa amekwisha kuanika mashuka ya wageni waliodamkia kreta kutazama wanyama, na chai ya wafanyakazi ilikuwa ikichemka jikoni. Ukungu ulishaondoka mashambani, Karatu imetulia. Ndipo Brigita, mpishi wa gesti, aliposhuka kutoka ghorofani amekumbatia beseni la vyombo.

Alidondoka kama gunia, vipandio kumi na viwili vya ngazi. Mfupa wa nyonga ulisikika ukikatika.

"Dada Laurencia," alinong'ona, "kuna mtu kaniomba mkono. Nilipompa, akanivuta."

Wenzake walisema ni maumivu yanamsemesha. Laurencia alimkumbuka Vedasto, fundi aliyezijenga ngazi zile mwaka uliopita. Vedasto alianguka kutoka juu, uti wa mgongo ukavunjika, akalala pale chini akiita, "Nipeni mkono." Eliamani, mwenye gesti, akaamuru kazi iendelee, maana zege lilishachanganywa na lingeganda. Wakapita na ndoo za zege hadi jioni. Laurencia mwenyewe, aliyekuwa kibarua wa zege siku hiyo, alimruka mara nne. Mara ya tano alikuwa haiti tena.

Daktari aliyempokea Brigita, alipoelezwa ngazi zilivyo, hakutaka habari za mashetani.

"Ngazi zenu hazina pa kushika, zina maji, zina giza, halafu mtu anabeba beseni linaloficha miguu yake. Mnategemea nini?"

Laurencia aliyafanya yote. Alikausha kila kipandio, akafungisha taa, akapiga marufuku ndala zilizolika soli na mizigo ya mikono miwili. Alhamisi mumewe Simon, fundi wa kuchomelea, akaja na mabomba ya chuma, akafunga reli ya kushikia toka juu hadi chini.

"Hata nyati akiiegemea, haing'oki," Simon alisema, akapanda kuijaribu.

Ilikuwa saa sita mchana. Jua liliingia dirishani, kila kipandio kinaonekana. Laurencia alisimama chini.

"Shika vizuri, baba Clara."

"Nimeshika."

Akashuka kimoja. Viwili. Akasimama.

"Mama Clara," alinong'ona. "Hiki chuma kina joto."

"Kiachie."

"Kimenishika."

Alivuta. Vidole havikufunguka. Miguu ikatoka mbele kwa pamoja, kama imefungwa kamba. Simon akaning'inia kwa mkono mmoja na bega likachomoka. Hakupiga kelele. Alimnyooshea mkewe mkono wa pili.

"Nipe mkono."

Sauti haikuwa ya Simon. Laurencia aliitambua. Alikuwa ameisikia mara nne, mwaka mmoja nyuma, akiwa na ndoo kichwani.

Akarudi nyuma hatua moja.

Lakini macho yalikuwa ya Simon. Yalimwona akirudi nyuma. Kisha reli ikamwachia.

Kisogo kilipasukia kwenye kipandio cha mwisho. Alikufa akiwa bado ameunyoosha ule mkono. Eliamani alitokea mlangoni, akatazama, akauliza kwa sauti ya chini kama wageni wa saa nane wanaweza kupitishiwa mlango wa nyuma.

Walimzika Simon nyumbani kwao Buger, Jumamosi. Jumapili baada ya ibada Laurencia alikwenda kaburini na shemeji yake, Qamara. Mvua haikuwa imenyesha.

Kando ya tuta, udongo mwekundu ulikuwa umechongwa vipandio vitatu. Vilikuwa vimenyooka kama vilivyopimwa na fundi kwa timazi, kingo kali, vinashuka kwenda chini. Hapakuwa na unyayo wa mtu wala udongo uliotolewa.

"Watoto tu hawa," Qamara alisema, ila hakumtazama shemeji yake usoni. Akachukua jembe, akavifukia, akashindilia kwa miguu mpaka jasho likamtoka.

Jumatatu asubuhi vilikuwa vimerudi, na sasa ni vinne.