Majamvi ya Ole

Lori lilikuwa limekwisha kutoa pua ng'ambo ya kijito pale lilipoanza kurudi nyuma. Msellem, dereva wake, alikanyaga breki kwa nguvu zote za mguu wa kulia, na lori likasimama juu ya udongo mwekundu unaoteleza kama mlenda. Nyuma yake, katikati ya maji, lilikuwa tela: chumba cha mbao chenye magurudumu mawili, bati juu, kidirisha kimoja, na kitanda ndani. Mpima ardhi aliyekuwa akilala humo alikuwa amemaliza kazi yake, na Msellem alitumwa aivute nyumba hiyo mpaka mjini Wete, Pemba. Ilikuwa vuli ya mwaka wa 1959.

Kitandani alilala Bakar, mchumaji karafuu. Asubuhi ile tawi lilimkatikia, akaja chini, na paja lake la kushoto likavunjika hata ncha ya mfupa ikachungulia nje. Daktari wa mifupa wiki ile alikuwa Wete. Jirani zake waliposikia linapita gari lenye kitanda, walilisimamisha barabarani wakamwingiza, mguu umefungwa vibao kwa vipande vya kanga. Mkewe, Mwanapili, akapanda naye.

Msellem alikuwa na mpango wake, na ulikuwa mzuri. Kabla ya kuondoka alichuchumaa akachora njia mchangani kwa kijiti, kila kilima na kila bonde. Wingu jeusi lilikuwa limekaa juu ya vilima vya mashariki. Lori peke yake lingeweza kujaribu njia ya bondeni, inayovuka kijito. Lori lenye tela, hasha. Mvua ikimwagika kule vilimani, maji huku chini hujaa kabla hakujadondoka hata tone. Kwa hiyo angeshika njia ya juu, ya mgongoni mwa kilima, hata kama ina mizunguko.

Walipofika kijijini Ole, njia ya juu wakaikuta imetandikwa. Majamvi ya karafuu yalianikwa kutoka ukingo huu hadi ukingo ule, jamvi kwa jamvi mpaka kwenye kona, karafuu zingine bado zina wekundu, zingine zimeanza kuingia weusi. Msellem alipiga honi, akapiga tena. Wenyewe walikuwa mashambani, juu ya mikarafuu. Hakutokea mtu.

"Bi Mwanapili, shuka basi uyakunje," alisema.

"Mie? Karafuu za watu, wenyewe hawapo? Wakinikuta nimeinama hapo n'taitwa nani?"

"Basi mie n'tapita juu yake."

Sauti ya Bakar ilitoka kidirishani, nyembamba. "Usipite, Msellem. Kila punje hapo imechambuliwa kwa kidole gumba cha mtu. Shuka bondeni."

"Na lile wingu?"

"Liko mbali lile."

Hakuna aliyemwambia kuwa anakosea, maana hakuna aliyeona kuwa ni kosa. Karafuu ya mtu hukanyagi, na mwenyewe akiwa hayupo hushiki. Msellem akageuza gari.

Sasa maji yalikuwa yamefika kwenye kizingiti cha tela, rangi ya chai ya maziwa, yanaviringisha magogo na migomba mizima na mizizi yake. Breki ya mkono ilikuwa mbovu tangu zamani. Msellem akiinua mguu tu, lori litarudi kinyumenyume na kuisukuma tela bondeni. Kwa hiyo hakuinua. Alikaa pale kama aliyepigiliwa msumari, anatazama kwenye kioo cha pembeni maji yakipanda ubao kwa ubao.

"Bi Mwanapili! Mlango!"

"Haufunguki! Umejipinda!"

"Dirishani je?"

"Mie napita. Yeye na vibao vyake hapiti."

"Basi toka wewe!"

Maji yaliingia chini ya mlango, yakabeba viatu, yakabeba bakuli, yakafika kwenye miguu ya kitanda. Mwanapili alipanda kitandani, akapiga magoti, akauchukua mguu wa mumewe na vibao vyake akauweka begani mwake ili usilowe. Damu ya mumewe ilimchirizikia mgongoni, ya moto, kisha ya baridi.

"N'na kiu," alisema Bakar.

Maji kila mahali, na ya kunywa hakuna. Mvua sasa ilikuwa imewafikia. Mwanapili alinyoosha mkono mmoja akaidaka bakuli iliyokuwa ikielea, akaitoa dirishani chini ya mchirizi wa bati. Alimnywesha kidogo kidogo.

"Toka, Mwanapili."

"Kunywa."

"Nakwambia toka."

"Na mguu huu aushike nani? Kunywa, usinisumbue."

Tela ilitikisika. Gogo lilikuwa limeipiga ubavuni, na lori zima likateleza nyuma kiasi cha shibiri. Msellem alihisi mguu wake umekufa ganzi; hakujua tena kama anakanyaga au hakanyagi. Hakuwa na la kufanya ila honi. Akaibonyeza kwa kiwiko, asiiachie, na huku anasoma dua alizozijua.

Kule juu, mvua ilikuwa imewatoa watu mashambani mbio kuanua karafuu. Karafuu ikinyeshewa huharibika, haina tena kazi. Bi Mwanabaraka, mjane mwenye majamvi mengi kuliko wote pale njiani, alikuwa amekwisha kukunja la mwisho aliposikia honi.

"Si ile ile ya mchana?" aliuliza. "Nilikuwa juu ya mti. N'kasema, huyo naye na asubiri."

Alichungulia bondeni, akapiga ukelele.

Waliteremka wote, wanaume na kamba zao za kufungia matawi. Wakazifunga mbele ya lori, wakavuta, na Msellem akahamisha mguu kutoka breki akakanyaga mafuta. Magurudumu yalizunguka yakarusha matope, lori halikusogea. Wakavuta tena. Tela ikainamia upande mmoja, na kutoka ndani ukasikika ukelele wa Mwanapili.

"Linataka kitu cha kukanyaga!" alipiga kelele Msellem. "Kuti, jiwe, chochote!"

Hapakuwa na kuti wala jiwe karibu. Bi Mwanabaraka aligeuka akapanda kilima, akarudi na mzigo kichwani, na wanawake wengine nyuma yake na mizigo yao.

"Bi Mwanabaraka, hizo kavu!" alisema mtu.

"Nazijua mie kavu. Tandika!"

Wakayasukuma majamvi chini ya magurudumu, pamoja na karafuu zake zote. Msellem akatia moto. Magurudumu yakauma majamvi, yakasaga, na harufu ikapanda kali hata macho yakawatoka machozi. Lori likapanda. Tela ikatoka majini nyuma yake, inachuruzika kila pembe.

Bakar alifika Wete akiwa na roho. Mguu ulipona, ila mfupi kuliko mwenzake. Mkarafuu hakupanda tena. Msellem kwa siku nyingi alilala mguu wake wa kulia unakanyaga godoro. Mwanapili alibaki na kovu begani pale kibao kilipomkata.

Msimu uliofuata, waliopita njia ya juu ya Ole waliona majamvi yametandikwa upande mmoja tu, na upande wa pili umeachwa mtupu, upana wa gari. Ila penye kona, ambapo njia ni nyembamba na majamvi yaliiziba, aliketi mtu na mkongojo wake. Hakuwa akisubiri honi. Akisikia tu mngurumo kwa mbali, Bakar alikuwa amekwisha kuinama, anayakunja majamvi ya Bi Mwanabaraka kwa mikono yake mwenyewe.

"Piteni," alikuwa akisema. "Piteni tu."