Ncha Haijaonekana

Lango la kiwanda lilijaa watu asubuhi ile. Mashine iliyoletwa na mradi wa msaada kutoka nje ilikuwa imewasili, na kila mtu alitaka kuiona. Mradi ndio uliowafundisha kushona nguo za watoto za kuuzwa ng'ambo, na wanunuzi wa huko hawakupokea nguo ambayo haijapita ndani ya mashine hiyo. Kipande cha sindano kikijificha kwenye nguo, mashine inalia.

Fundi aliyekuja nayo alisimama mlangoni na kifaa kidogo cha mkononi, akimpima kila anayeingia. Alivaa shati jeupe, mikono ameikunja hadi kwenye viwiko. Alipofika kwa msichana mwembamba mwenye gauni la bluu lililopauka, kifaa kikalia.

"Dada, una nini kichwani?"

"Nywele," akajibu, macho chini.

Foleni nzima ikaangua kicheko.

"Nywele za chuma hizo! Hebu nizione."

Msichana akachomoa kibanio cha chuma nyweleni. Kuanzia siku hiyo fundi akamwita Kibanio. Mchana wakawa wanakula benchi moja, na jioni simu ya msichana ikawa hailali.

"Kibanio, umelala?"

"Nimelala."

"Sasa nani anaongea?"

"Mtu mwingine. Amesema nikuambie amekuchoka."

"Mwambie mimi bado. Hata robo sijafika."

Alicheka uso ukiwa kwenye mto, maana alilala chumba kimoja na mama yake mdogo. Huyo ndiye aliyemtafutia kazi, na ndiye msimamizi wa mstari wake wa cherehani. Siku ya kwanza alimwambia neno moja tu: "Usiniaibishe."

Oda ya kwanza ilipokaribia kwisha, sindano ya Kibanio ikavunjika kwenye kola ya shati la mtoto. Sheria waliifahamu wote. Unanyoosha mkono, mstari unasimama, vipande vinatafutwa mpaka vitimie. Alikipata kipande kimoja. Ncha hakuiona. Alipapasa mezani, sakafuni, kwenye mapaja yake. Mashati aliyoyashona yalikuwa yameshachukuliwa, yamechanganywa na mengine.

"Meneja kasema atakayesimamisha mstari wiki hii aende kwao," jirani yake alinong'ona, akimsukumia sindano aliyoificha kwenye pochi. "Weka hii. Nyamaza, shoga. Mashine ya mpenzi wako italia, wataitoa, kwisha habari."

Akaiweka. Akanyamaza. Akaendelea kushona.

Alisubiri mashine ilie. Katoni zikajaa, haikulia.

Jioni ni yeye aliyempigia fundi simu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Leo jua limetokea wapi? Kibanio ananipigia mimi!"

"Nina swali. Ncha ya sindano, ndogo kabisa, mashine yako inaweza kuikosa?"

Fundi akaacha utani.

"Nani kakutuma uniulize?"

"Sijatumwa na mtu."

"Mambo ya kazi tuyaache kazini. Usiniulize tena."

Simu ikakatwa. Kibanio akabaki ameishika sikioni. Ameshajua, alifikiri. Ameshajua, na hanitaki tena.

Hakujua kwamba fundi naye alikuwa amekaa kitandani kwake kwa hofu, viatu hajavua. Mashine ilikuwa ikililia kila kifungo cha chuma, kazi ikachelewa, na meneja, ambaye ndiye aliyemlipa, akamwamuru apunguze ukali wa mashine, isilie kwa vyuma vidogo. Alipunguza. Sasa alidhani siri imetoka na mpenzi wake ametumwa kumchimba.

Asubuhi lori lilikuwa mlangoni, katoni zikifungwa. Fundi alipita karibu na cherehani ya Kibanio bila kumsalimu. Kibanio aliitazama katoni ya juu na kuona akilini shingo ya mtoto asiyemjua, mtoto anayevalishwa shati na mama yake, mama anavuta kola ikae vizuri.

Akanyoosha mkono.

"Unataka nini?" mama mdogo akauliza.

"Sindano yangu ilivunjika jana." Sauti ilitoka ndogo, akarudia. "Ncha haijaonekana. Iko ndani ya nguo."

Cherehani zikanyamaza moja baada ya nyingine. Meneja alikuja mbio, tai begani. "Mashine imepitisha nguo zote! Fundi, mwambie!"

Fundi alimtazama meneja. Kisha akamtazama Kibanio.

"Haikuweza kuiona," akasema. "Niliipunguza ukali."

"Nani alikuambia—"

"Wewe. Na mimi nikakubali."

Aliirudisha mashine ilivyopaswa kuwa. Wakafungua katoni, shati baada ya shati, wote wakiyapitisha kwenye mashine. Vifungo walivipuuza; ilipolia penye kola, Kibanio aliipapasa mpaka ncha ikamchoma kidole.

"Ninyi wawili, nje," meneja akasema. "Mkihitajika mtaitwa."

Mama mdogo hakumtetea. Alimwambia tu, taratibu, "Nenda. Tutaongea nyumbani."

Nje jua lilikuwa kali. Walisimama wameegemea ukuta.

"Nilidhani hunitaki," Kibanio akasema.

"Nilidhani umetumwa na meneja."

"Mimi? Mimi nitumwe na meneja, hata kumsalimu naogopa?"

Fundi akacheka, kisha kicheko kikamwishia. "Naona bora nikuulize sasa hivi, kabla sijapata akili. Nataka nikuoe."

"Huna kazi."

"Sina."

"Na mimi sina."

"Ndiyo maana natetemeka. Nipe jibu, mpenzi wangu, nitaanguka hapa."

Kibanio alinyonya kidole chenye damu, akafikiri.

"Nimekubali. Lakini leo unanisindikiza nyumbani, na mama mdogo akirudi utakuta nimekaa nyuma yako. Utaanza kuongea wewe."

Fundi akaikunjua mikono ya shati lake. Wakaondoka pamoja, polepole.